Kibet Bull na picha za kivuli: Rada yote ya sanaa ya kejeli unayochora kwa simu

Krismasi ya 2024, wakati wewe ulikuwa ocha unagombania paja la kuku na mabinamu, kuna msee mmoja hakufika mezani. Anaitwa Gideon Kibet. Mtandaoni tunamjua kama Kibet Bull. Na kazi yenye ilifanya tumjue ni moja tu: kuchora.

Kama wewe ni mmoja wa wale wasee huchora kwa simu ukiwa kwa mat, ama unajaza rangi saa nane usiku badala ya kulala, hii stori inakuhusu. Hapa nakupea rada mwanzo hadi mwisho: hii sanaa ni nini, ilitoka wapi, inachorwa aje, sheria inasimama wapi, na kazi yako ni ya nani mtu akikulipa. Iweke mahali, utarudi.

Sanaa ya kejeli ya dijitali ni nini?

Ni picha umechora kwa simu, tableti ama kompyuta, yenye inacheka mtu ama kitu ili watu waone ukweli fulani. Ikiwa unachora kivyako, bila gazeti wala bosi, hiyo ndiyo tunaita kazi binafsi.

Kejeli si matusi. Tofauti ni ndogo lakini kaa nayo kichwani. Kejeli inalenga mtu mwenye ana nguvu kukuliko: mheshimiwa, landlodi, kampuni, bosi. Ukichora mama mboga ameteleza kwa matope ndio watu wacheke, hapo hujafanya kejeli, umemwonea mtu. Ukichora MCA amesimama kando ya hayo matope na makasi ya kukata utepe, sasa tunaongea.

Na si lazima iwe siasa. Kuna msee anachora tokeni za stima zikiisha kama mgonjwa wa ICU. Kuna dem anachora deni ya HELB kama ex mwenye hakubali mmeachana. Mimi nilianza na caretaker wa ploti yetu. Nilimchora kama mita ya maji, macho mawili yakizunguka kama namba, juu ilikuwa inaonekana maji yanahesabiwa hata siku hayaji. Nikaitupa kwa grupu ya ploti. Watu walicheka siku mbili. Siku ya tatu maji ya mlango wangu peke yake yakakatika. Hapo nikajua picha inaweza kufika mahali malalamishi hayafiki, na pia inaweza kurudi na fundi wa mabomba.

Ile kitu inafanya hii kazi iwe tamu ndio hiyo hiyo inaifanya iwe noma. Mchoraji wa gazeti ako na mhariri wa kumwambia "hii hapana", ako na wakili wa kampuni, ako na mshahara. Wewe uko na bando ya mia moja na mathe mwenye wasiwasi. Uko huru kabisa, na uko peke yako kabisa.

Kibet Bull ni nani?

Ni mchoraji kijana wa Kenya mwenye alijulikana kwa picha za kivuli za Rais William Ruto. Umbo jeusi, bila macho, bila mdomo, lakini kila mtu anajua ni nani. Hizi picha zilisambaa X wakati mbaya kwa gava. Kumbuka Juni 2024: maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana wakaingia Bunge tarehe 25, kesho yake rais akasema hasaini. Barabara zikatulia baadaye, lakini vita vikahamia kwa simu. Jina Zakayo likakaa. Vichekesho vikawa vingi kuliko mabango.

Halafu ikafika tarehe 24 Desemba 2024. Kibet alikutana na Seneta Okiya Omtatah jijini Nairobi, na baada ya hapo hakuonekana tena. Nduguye pia akapotea Desemba hiyo hiyo. Vijana wengine watatu walikuwa wamepotea pia, na wote walikuwa wamekosoa serikali mtandaoni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilisema mwezi huo kuwa visa vya watu kutekwa vimefika 82 tangu Juni, na 29 kati yao bado hawajulikani waliko. Inspekta Jenerali wa polisi, Douglas Kanja, alikana kuwa polisi wanahusika. Rais, akiwa Homa Bay, alisema utekaji utakomeshwa, na akaambia wazazi wachunge watoto wao.

Tarehe 30 Desemba watu walitoka Nairobi kuandamana, wengine wamejifunga minyororo. Omtatah mwenyewe akashikwa. Kesi ikafika Mahakama Kuu, na jaji akaagiza wenye walikuwa wamepotea waletwe kortini.

Tarehe 6 Januari 2025, wote watano wakaonekana, kila mtu mahali pake. Kibet alipatikana Luanda, kaunti ya Vihiga. Ukihesabu kutoka 24 Desemba, hizo ni siku 13. Siku 13 mtu wa kuchora hajulikani ako wapi, na sisi tuko hapa tukiuliza kama picha inaweza kuwa na uzito hivyo. Inaonekana iko nao.

Hilo jina "silueti" lilitoka wapi? Utacheka

Picha ya kivuli kwa Kiingereza na Kifaransa inaitwa silhouette, na hilo lilikuwa jina la mtu. Étienne de Silhouette alikuwa waziri wa fedha wa Ufaransa mwaka wa 1759, chini ya Mfalme Louis XV. Nchi ilikuwa kwa vita, hazina imekauka, jamaa akaanza kukata matumizi na kutafuta ushuru kila kona, hadi kwa milango na madirisha ya watu. Alikaa ofisini miezi kama minane tu, akaondoka. Wafaransa wakaanza kuita kila kitu cha bei ya chini jina lake. Picha za watu zenye zilikatwa kwa karatasi nyeusi zilikuwa rahisi kuliko kuchorwa kwa rangi za mafuta, kwa hivyo jina likazigandia.

Soma hiyo tena polepole. Aina ya picha yenye ilichoma wakubwa Kenya baada ya Mswada wa Fedha ilipata jina kutoka kwa waziri wa fedha mwenye watu walichoka na ushuru wake. Hakuna mtu alipanga. Historia tu iko na ucheshi wake.

Na Ufaransa hiyo hiyo kuna kisa kingine. Mwaka wa 1831 mchoraji Honoré Daumier alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu nono limekaa kwa kiti, watu maskini wakipanda ngazi hadi mdomoni kummwagia pesa. Mwaka uliofuata akahukumiwa miezi sita ndani. Leo hiyo picha inafundishwa kwa vyuo vya sanaa. Mfalme naye wengi wanamkumbuka kwa sababu alichorwa.

Kwa nini kivuli kinauma kuliko picha kamili?

Sababu ya kwanza: anayemalizia kazi ni wewe mtazamaji. Mchoraji amekupea kichwa, mabega na mkono umeinuliwa, macho unayajaza mwenyewe. Ukishamtambua, huwezi kusema umedanganywa.

Ya pili: kivuli hakijifanyi picha ya kamera. Siku hizi AI inatengeneza picha ya mtu akifanya kitu hajawahi kufanya, na babako kwa grupu ya familia anaamini kabisa. Kivuli hakina huo uongo. Hakuna mtu ataona umbo jeusi kwa rangi ya machungwa aseme "hii ilipigwa jana State House". Shika hiyo pointi, itarudi tukifika kwa sheria.

Ya tatu ni bando. Picha ya rangi mbili ni nyepesi, inafunguka haraka hata kwa simu ya elfu sita, na ukiiona ndogo kama stika bado unaielewa.

Walioanza kitambo

Usidhani Gen Z ndio walianza kucheka wakubwa. Mwaka wa 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe, lenye mhusika wake alikuwa mwananchi wa kawaida anayehangaika na maisha ya Nairobi huku akicheka. Edward Gitau alitupea Juha Kalulu, mwenye wazazi wetu walikuwa wanamtafuta kwa Taifa Leo kabla ya kusoma habari yenyewe. Paul Kelemba, yaani Maddo, akatupea Madd Madd World. Gado, jina lake kamili Godfrey Mwampembwa, alizaliwa Tanzania, akaingia Nation mwaka wa 1992, na akawa jina kubwa Afrika Mashariki yote. Mwaka wa 2009 yeye ndiye alileta XYZ Show, wale vikaragosi vya mpira vya wanasiasa kwa televisheni.

Na usisahau nganya. Kabla simu iweze kuchora, kuna mafundi walikuwa wanapaka nyuso za wasanii, wachezaji na wanasiasa kwa mabati ya matatu. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho ya sanaa ya mtu wa Umoja na Rongai: hulipi kiingilio, unalipa fare.

Kitu kimebadilika ni mlango. Zamani ulihitaji gazeti likukubali. Sasa unahitaji chaji.

Inachorwa aje? Hatua kwa hatua

Huhitaji iPad. Procreate ni tamu, lakini ni ya iPad na unailipia. Kwa simu ya Android, ibisPaint X iko na toleo la bure lenye matangazo na inatosha kabisa. Kwa kompyuta, Krita na Inkscape ni bure. Tofauti yake: Krita inachora kwa vitone vidogo, ukivuta sana picha inachakaa. Inkscape inachora kwa mistari ya hesabu, unaweza kuikuza hadi ukubwa wa bango la Thika Road na bado iko safi. Kwa kivuli, Inkscape ni moto.

Sasa fuata:

1. Anza na wazo, si na uso. Andika sentensi moja: "Landlodi anapandisha kodi lakini ngazi haina taa." Kama huwezi kulisema kwa sentensi moja, halitaeleweka kwa picha.

2. Fungua karatasi kubwa. Ukitaka kuchapisha A4 siku moja, weka 2480 kwa 3508. Ukianza na ndogo, huwezi kuikuza bila kuiharibu.

3. Kusanya picha kadhaa za mtu wako, si moja. Angalia kitu chenye kinamtambulisha kutoka mbali: kofia, tumbo, jinsi anashika maiki, jinsi anatembea. Hicho ndicho kivuli chako.

4. Chora mzingo kwenye leya yake peke yake. Leya ni kama karatasi ya plastiki umeweka juu ya nyingine, ukikosea unafuta moja bila kugusa zingine.

5. Jaza nyeusi, halafu ipunguze hadi iwe ndogo kama ukucha. Bado unamtambua? Endelea. Humtambui? Rudi namba tatu.

6. Rangi ya nyuma, moja ama mbili. Usiweke upinde wa mvua wote.

7. Maneno machache ama usiweke kabisa. Picha ikihitaji aya nzima kuelezewa, tatizo ni picha.

8. Weka sahihi ndani ya mchoro, mahali mtu hawezi kukata bila kuharibu. Sahihi ya kona inakatwa na sekunde mbili.

9. Toa PNG ya kuposti, lakini ile faili yenye iko na leya zote usiipee mtu yeyote. Hiyo ndiyo ushahidi kuwa kazi ni yako.

Sheria inasema aje?

Mimi si wakili, hata chuo sikumaliza. Lakini Katiba iko wazi kwa kila mtu, kwa hivyo tusome pamoja.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinakupa uhuru wa kujieleza, na kinataja kabisa uhuru wa ubunifu wa sanaa. Hapo ndipo umesimama. Lakini kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwa propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala uhamasishaji wa chuki. Na kinakutaka uheshimu haki na sifa za wengine. Kwa lugha ya mtaa: cheka mheshimiwa vile anatumia pesa, usichore kabila lake kama wadudu. Hiyo ya pili si sanaa, na utaenda nayo.

Korti zetu zimekata sheria kadhaa zenye zilikuwa zinatumika kushika watu wa mtandao. Mwaka wa 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha sheria ya mawasiliano, kile cha "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano". Februari 2017 ikafuta jela ya kuchafulia mtu jina. Mtu bado anaweza kukushtaki akidai fidia, lakini hiyo ni kesi ya pesa.

Yenye unafaa kuchunga ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ilivyopitishwa, kifungu cha 22 kiligusa mtu anayechapisha kitu cha uongo akikusudia kionekane cha kweli, faini hadi milioni 5 ama miaka miwili. Cha 23 kiligusa uongo wa kuleta hofu ama kuharibia mtu sifa, hadi miaka 10. Unakumbuka ile pointi ya kivuli? Kivuli hakijifanyi cha kweli. Picha ya AI yenye inafanana na ya kamera inaweza kujifanya. Kama unatumia AI, andika ndani ya picha yenyewe kuwa ni mchoro wa kejeli.

Oktoba 2025 rais alisaini marekebisho ya sheria hiyo. Kifungu cha 27, cha kunyanyasa mtu mtandaoni, kina faini ya hadi milioni 20 ama miaka 10 ndani. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele vyake kesi iendelee. Kwa hivyo fuatilia habari, hii mambo inasonga.

Sasa niwe mkweli kwako. Kibet hakupelekwa kortini asomewe kifungu halafu akae siku 13. Alipotea. Kujua sheria kunakusaidia siku umeshikwa kwa njia ya sheria: unaomba uambiwe sababu, unaomba wakili, unapigia familia, na unafaa kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya kwanza ya korti kama saa hizo zimeishia wikendi. Ile njia nyingine haina kifungu.

Kazi ni ya nani?

Ukishachora na kuhifadhi, hakimiliki ni yako papo hapo. Huhitaji kujisajili ndio uwe nayo, na inadumu hadi miaka 50 baada ya kifo chako. Lakini ukisajili kwa KECOBO, kupitia rejista yao ya mtandaoni, unakuwa na karatasi ya kuonyesha siku mtu anauza tisheti zenye picha yako pale Gikomba.

Hapa ndipo wasee wengi wanachomeka: mtu akikuagiza umchoree na akulipe, sheria ya Kenya inachukulia hakimiliki imeenda kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo hata kama ni kazi ya elfu mbili, andikeni kwa WhatsApp: "Unanunua ruhusa ya kutumia picha, hakimiliki inabaki yangu." Sentensi moja. Imeokoa watu.

Na mkuki kwa nguruwe: ile picha ya kamera unafuata mstari juu yake ina mwenyewe pia. Mpiga picha wa habari alisimama kwa jua akaipata. Ndiyo maana nimekuambia utumie picha kadhaa, umbo liwe lako.

Kabla ubonyeze "tuma"

Jiulize maswali manne. Anayechekwa ana nguvu kuniliko? Jambo lenyewe ni kweli, hata kama picha imetiwa chumvi? Kuna mtoto, mgonjwa ama mtu wa kando ameingia hapo bila kosa? Nikiamka kesho, bado nitaweka jina langu?

Halafu mambo madogo: zima mahali ulipo kwa posti zako. Usiposti ukiwa bado kwa base yenye unaonyesha. Weka nakala ya kazi zako mahali zaidi ya simu moja. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini unaenda wapi na utarudi saa ngapi. Hiyo ya mwisho nilikuwa naona ni uoga wa wazee. Siku hizi naifanya.

Ile wiki Kibet alikuwa hajulikani aliko, mathe alinipigia kutoka ocha. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Zile katuni zako, umechora nani?" Nikamwambia ni caretaker, mathe, ni mita ya maji. Akanyamaza kidogo, akasema, "Futa." Nikamwambia sawa.

Sikufuta. Lakini kila nikifungua ile leya ya kwanza, nyeupe kabisa, huwa nasikia hiyo sauti. Ndio najua kazi iko na uzito, na ndio naichora polepole.

Wewe je, umechora nani?